Dubwi la mtaani, sloti za simu au kasino: misimbazi miwili ya wiki inakaa wapi muda mrefu?

Spea_za_Boda

Habari za jioni wakuu.

Nauza vipuri vya pikipiki Kariakoo. Tangu niache bia nimejitengea 20,000 kwa wiki ya kujifurahisha, na furaha yenyewe ni mashine. Naomba tusianze mahubiri, najua kamari ni kamari.

Shida ni kwamba pesa hiyo naitumia bila mpango. Siku nyingine dubwi pale kijiweni (ile mashine ya sarafu yenye taa za kuzunguka), siku nyingine sloti, ile ya kuzungusha picha, kwenye simu, na mwisho wa mwezi naongozana na shemeji kwenye kasino moja maeneo ya Upanga. Siulizi wapi kunatoa, maana hapo kila mtu ana hadithi yake. Nauliza wapi 20,000 inakaa muda mrefu kabla haijakata.

Jumatano nimepanda mwendokasi Gerezani, nikaweka sloti ijizungushe yenyewe, jero kwa jero. Gari halijafika Magomeni Mapipa, salio sifuri. Dakika 17. Hata siti sijapata.

---

Chuma_Ulete

Dubwi mkuu. Mashine ikimeza sana lazima itapike. Wewe kaa pembeni na soda yako, waache wenzako wajaze, wakikata tamaa ndiyo unaingia. Mimi nimekula 46,000 Mbagala kwa mtindo huo.

---

Kiti_cha_Nyuma

@Chuma_Ulete na umeliwa ngapi kwa mtindo huohuo? 😂

---

Chuma_Ulete

Hayo hatuandiki.

---

Fundi_Solda

Mimi ni fundi redio huku Temeke, na madubwi nimeyafungua mpaka nimechoka. Ndani hamna maajabu: bodi, waya za taa, sanduku la sarafu na kile kimashine cha kutemea sarafu. Kwenye bodi kuna viswichi vidogo, unavigusa kwa ncha ya bisibisi, na ndivyo vinavyopanga mashine iwe ngumu kiasi gani. Kwa hiyo Chuma_Ulete hajakosea kote. Dubwi la aina hii linaweza kupangwa lirudishe kiasi fulani. Ila kiasi hicho anakijua mwenye mashine, wewe hujaandikiwa popote, na jana anaweza kuwa alikuja na bisibisi yake.

Sasa ile taa inayokimbia kuzunguka epo, chungwa, kengele, tikiti, nyota, 77 na BAR. Watu wanadhani inatafuta pa kusimama. Ukishabonyeza, uamuzi umeshatoka, taa inakuchezea ngoma tu. Ikisimama jirani na BAR unasikia kijiwe kizima "aaah, kidogo!" Hakuna cha kidogo. Kuikosa kwa taa moja na kuikosa kwa taa kumi ni kitu kilekile.

Ujanja huu si wa Wachina wanaotengeneza madubwi peke yao. Sloti ya zamani ya fundi Charles Fey kule San Francisco, mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa na magurudumu matatu ya chuma, ungeweza kuhesabu picha zake kwa vidole ukajua nafasi yako. Mwaka 1984 mbunifu mmoja, Inge Telnaes, akapata hataza Marekani ya kuiachia kompyuta ichague. Toka hapo gurudumu unaloliona linaweza kuwa na picha 22 wakati lile la ndani ya kompyuta lina nafasi nyingi zaidi, na picha kubwa imepewa nafasi moja tu. Macho yanahesabu kimoja, mashine inahesabu kingine.

Kasino na za simu zenye leseni, kila mzunguko ni mpya. Mzunguko wenyewe haujui kama umeliwa mara mia. Kule ukikaa pembeni kusubiri "ijae" unapoteza muda wako na soda.

Jambo la mwisho: kwenye dubwi angalia kama kuna leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na ukikuta watoto wa shule wanachezea hapo, ondoka. Umri ni 18 kwa sheria. Mwenye mashine asiyejali hilo hatajali na sarafu zako zikikwama.

---

Ustaadhi_Buguruni

Haramu haiwi halali kwa kuitengea bajeti. Nimepita.

---

Spea_za_Boda

Umesikika ustaadhi. Karibu tena.

---

Dila_Mstaafu

Nimekaa nyuma ya meza ya ruleti, lile gurudumu la namba na kigololi, miaka sita hapahapa mjini, kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

Watu wanalinganisha asilimia, nyie linganisheni mwendo. Sloti ikiandikwa 95% maana yake ni kwamba katika kila 100 inayowekwa, kwa wastani wa mizunguko mingi mno, 95 inarudi na nyumba inabaki na 5. Mtu anasoma hivyo anasema "kumbe kwenye 20,000 yangu napoteza buku tu." Hapana. Hiyo 5% haikatwi kwenye 20,000 uliyoingia nayo, inakatwa kwenye kila dau, na pamoja na ile uliyokula ukairudisha.

Tuchukue Jumatano yako. Jero kila sekunde nne kwa dakika 17 ni kama mizunguko 255. Hiyo ni 127,500 iliyopita kwenye mashine, mara sita ya mfuko wako! Asilimia tano yake ni 6,375. Hiyo ndiyo gharama ya wastani. Kilichobaki kimeondoka na mawimbi, kwa sababu sloti zenye zawadi kubwa zinakukausha muda mrefu zikisubiri siku ya mtu mwingine.

Sasa kwa saa nzima:

Simu, jero, ikijizungusha: mizunguko 900, zimepita 450,000. Kwa 5% ni 22,500. Bajeti yako ya wiki imekwisha kwa saa moja, tena bila mkosi wowote.

Sloti ya kasino, jero: unabonyeza mwenyewe, unaangalia jirani, mhudumu anakuletea soda. Tuseme mizunguko 500, na nyumba inachukua 6%. Ni 15,000.

Dubwi: sarafu ya 200 inaingia moja moja, katikati mnabishana Simba na Yanga. Tuseme mara 240 kwa saa, zimepita 48,000. Hata wakikukata 15% ni 7,200. Asilimia ni mbaya, mwendo ni wa kobe, na kobe ndiye anayekulindia pesa. Hizo 6 na 15 nimezikadiria mimi, msije mkanishika shati.

Ruleti ya sifuri moja: namba 37, faida ya nyumba 2.7%. Meza ikiwa na watu, gurudumu linazunguka kama mara 40 kwa saa. Kwa buku kila mara ni 1,080. Tatizo ni kwamba meza nyingi hazikupokei na buku, na ukikuta sifuri mbili faida yao inapanda mpaka 5.26%. Hesabu sifuri kabla hujavuta kiti.

Kitu kingine ambacho wageni hawakioni. Umeweka 1,000 imegawanywa kwenye mistari 20 ya picha za sloti. Mashine inapiga kengele, taa zinawaka, "umekula" 300. Umepoteza 700 na umepigiwa vigelegele. Nimeona watu wazima wanapeana tano kwa hilo.

---

Kipepeo_wa_Sinza

Na kindege je, kile kinachopaa kikizidisha dau lako, na usipotoa kabla hakijatokomea umeliwa? Aviator inasema 97%.

---

Dila_Mstaafu

Ni kweli, 97% ndiyo wanayoitangaza wenyewe Spribe waliokitengeneza. Jero kila raundi, tuseme raundi 180 kwa saa, ni 2,700. Kwenye karatasi inaishinda sloti mbali. Ila niambie ukweli, dada, unacheza dau moja moja au mbili kwa pamoja?

---

Kipepeo_wa_Sinza

Mbili. Na nikiona imepaa hadi 40 nikiwa nimeshatoka kwenye 1.5 naongeza dau 🙈

---

Dila_Mstaafu

Basi hesabu yangu ichane.

---

Dabo_Dabo

Nyie mnajichosha. Ruleti, nyekundu, jero. Ukiliwa unadabo. Nyekundu ikitokea mara moja tu unarudisha yote na faida juu.

---

Fundi_Solda

Jero, buku, elfu mbili, nne, nane, 16, 32, 64. Ukiliwa mara nane mfululizo umeshatoa 127,500, na dau la tisa ni 128,000 ili upate faida ya jero. Hapo meza yenyewe inaweza isikuruhusu. Mara nane mfululizo hutokea kama mara moja katika kila majaribio 200 na kitu. Wewe ukienda kila wikiendi ukaanza upya mara ishirini, hiyo siku haiko mbali.

---

Mama_Hazina_Tabata

Mimi sichezi. Naweka hazina ya kikoba, na nimekuja kwa sababu mdogo wangu alikuwa kama wewe, Spea. Bajeti alikuwa nayo nzuri kabisa, kaiandika kwenye daftari. Kilichomuua si dubwi wala kasino, ni pesa kukaa laini moja. Mauzo ya duka, ada ya mtoto, rejesho la kikoba na pesa ya mchezo, vyote namba moja ya simu. Bajeti ikiisha, kidole kinaendelea. Kisha ukaja mkopo wa simu, "nitarudisha kesho". Siku ya kikao anaomba radhi kwa kuandika meseji, na sote tuko sebuleni kwake.

Sasa hivi nimemfanyia hivi. Laini ya pili, haina uwezo wa kukopa, inaingiziwa pesa Jumamosi asubuhi na mke wake. Akienda kasino anabeba taslimu, simu yenye laini kubwa inabaki nyumbani, na nauli ya kurudi iko kwenye soksi. Akila, kilichozidi alichoingia nacho kinahamia mfuko wa kushoto na hakiguswi. Akaunti mbili za sloti aliwaandikia mwenyewe wamfungie. Moja walifunga, nyingine wakamletea bonasi.

---

Kiti_cha_Nyuma

Bonasi si pesa ya bure lakini dada? Hata mimi nimetumiwa 20,000, masharti mara 30.

---

Mama_Hazina_Tabata

Mimi ni shangazi, si dada. Mara 30 maana yake uzungushe 600,000 kabla hujaitoa. Kwa ile 5% ya Dila, wastani wa kuliwa ni 30,000. Umepewa 20,000 ili upoteze 30,000. Kwenye kikoba mkopo wa hivyo tungeupigia kura ya hapana.

---

Kiti_cha_Nyuma

Samahani shangazi. Nimeifuta.

---

Chuma_Ulete

Mimi bado nasema dubwi la Mbagala linatapika.

---

Spea_za_Boda

Wakuu, nimerudi. Ni Jumapili saa sita usiku.

Programu ya sloti nimeitoa kwenye simu Alhamisi. Ijumaa dubwi, buku tano, sarafu 25 mkononi. Nilikaa saa moja na robo, nikabaki na sarafu nne. Nilijaribu kuangalia taa huku nikijiambia imeshaamua, na kwa kweli raha yake imepungua, Fundi, umeniharibia.

Jana kasino na shemeji, taslimu 15,000, laini kubwa nimemwachia mke wangu. Sloti ya jero, nabonyeza mwenyewe, na kila nikibonyeza nanywa funda moja la soda kwanza. Soda tatu. Mara moja ilipanda hadi 31,000, shemeji ananisukuma "ongeza dau", nikahamisha 16,000 mfuko wa kushoto. Ile 15,000 nyingine iliisha saa tano na nusu.

Tulikaa karibu saa mbili na nusu. Shemeji alikata dakika ya arobaini, akaomba nimkopeshe za mfuko wa kushoto. Nikamwambia ni za rejesho. Hatujaongea mpaka sasa, na bodaboda ya kurudi tulipakizana.