Ushauri: Mzee apasuliwe na roboti India au kwa kisu hapa nyumbani?

Mtoto wa Korogwe
Habari za usiku wanajamvi. Sina usingizi, naomba mnivumilie. Mzee wangu ana miaka 71, ana tezi dume, na siyo ile ya kawaida ya wazee. Kinyama kilipimwa kikakutwa na saratani. Ndugu tumegawanyika: mimi nataka aende India akapasuliwe kwa roboti, kaka yangu mkubwa anasema ni kutupa hela. Naomba jibu moja tu, mkono wa roboti ni bora kuliko mkono wa daktari au si bora? Wakala anayetusaidia safari anasema roboti haitetemeki, haikosei, na ni teknolojia ile ile ya NASA ya angani. Matusi wekeni pembeni.

Kokoto la Buza
Pole mkuu. Roboti akikosea unamshitaki nani, fundi au chaja?

Nesi Mstaafu
Pole mwanangu. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ilisoma ngapi? Na kipimo cha mifupa kilisemaje? Bila hayo mawili hakuna wa kukujibu kuhusu roboti.

Fundi Winchi
Hapo kwenye NASA wakala kakuchanganyia mafaili. Mimi huu mwaka wa 14 nainua makontena bandarini, mikono ya chuma ndiyo ugali wangu, kwa hiyo hizi habari nazifuatilia. Mkono maarufu wa angani ni wa Wakanada, unaitwa Canadarm. Uliruka mara ya kwanza Novemba 1981 na chombo cha Columbia. Una urefu wa mita 15, na kichekesho ni kwamba hapa duniani usingeweza hata kujinyanyua wenyewe. Mdogo wake, Canadarm2, alifungwa kwenye kituo cha anga mwaka 2001. Huyo ana viungo 7 na hana bega la kudumu. Anashika kwa ncha hii, anaachia ile, anatembea kama kiwavi. Mei 2021 walimkuta na tundu, kagongwa na takataka za angani, na kazi akaendelea nayo.

Watu wanadhani kule juu mzigo ni mwepesi kwa hiyo ni mteremko. Wapi! Ukishausukuma mzigo wa tani kadhaa, hauna msuguano wa kuusimamisha, ni wewe na breki zako. Ndiyo maana wanakwenda polepole kama bibi harusi. Hata sisi, kontena likianza kuyumba na upepo wa kusi, ukivuta jostiki kwa papara umeua mtu. Nilishawahi kusimama dakika 20 nasubiri moja litulie, huku msimamizi ananitukania mama kwenye redio.

Undugu na hospitali upo lakini. Kampuni iliyotengeneza Canadarm2 ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Calgary kuunda neuroArm, na mwaka 2008 ikatumika kutoa uvimbe kichwani mwa mgonjwa. Ni ya ubongo, siyo ya tezi dume.

Mtoto wa Korogwe
Asante Fundi. Halafu mimi ni ke, msiniite mkuu. Nesi, PSA ilikuwa juu, tarakimu sizikumbuki. Kwa hiyo roboti ni bora?

Mwaka wa Tano MD
Roboti inayotumika sana kwa tezi dume inaitwa da Vinci, Marekani waliiruhusu mwaka 2000. Jina linawachanganya watu. Yenyewe haiamui chochote. Daktari anakaa pembeni kwenye kiti, anachungulia ndani ya mashine, vidole kwenye vishikizo, na kila anachofanya mikono inakiiga ndani ya tumbo kupitia vitundu vidogo. Inachuja mtetemo wa mkono, vifaa vinajikunja kuliko kiwiko na kifundo chako, na picha anaiona kubwa yenye kina. Damu inapotea kidogo, mgonjwa anaruhusiwa mapema. Hizo ndizo faida.

Ila haikosei? Anayekosea ni aliyekaa kwenye kiti. Kuna utafiti wa Brisbane, Australia, uliotoka 2016. Walichukua wanaume zaidi ya 300, wengine kwa roboti, wengine kwa upasuaji wa wazi. Baada ya wiki 12, suala la kuzuia mkojo na suala la chumbani vilikuwa karibu sawa pande zote. Kwa hiyo ulizia daktari kashafanya wangapi, usiulizie chuma.

Na siku hizi si lazima hata awe chumba kimoja na mgonjwa. Septemba 2001 daktari alikaa New York akatoa kifuko cha nyongo cha mama aliyelala Strasbourg, Ufaransa. Juni 2025 mwingine akiwa Florida katoa tezi dume ya mgonjwa aliyekuwa Angola.

Kokoto la Buza
Na bando likiisha katikati ya zoezi?

Baba Wawili
Mnacheka, lakini hiki kizazi kina tatizo. Mzee anaachwa kijijini miaka kumi anakula makande peke yake, akiugua ndiyo watoto wanagombea kumpandisha ndege ili waonekane. Baba yangu nilimuuguza kwa mikono yangu, sikutafuta mkono wa mashine. Nilimwogesha miezi 8. Wadogo zangu walikuja na mashada.

Nesi Mstaafu
Baba Wawili, pole kwa msiba, ila binti hakuuliza hayo. Mwanangu, narudia mara ya pili: mifupa ilisemaje?

Mtoto wa Korogwe
Haya. Kulikuwa na madoa kwenye nyonga na kwenye pingili mbili za mgongo. Daktari akaandika kwamba tezi haipasuliwi. Akasema aanze sindano za kuzima homoni, au sivyo atolewe zile mbili. Mimi ni binti wa watu, mnataka niandikeje? Nilikuwa nimekaa pale pale. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kofia yake akatoka nje. Mpaka leo hataki kusikia jina la hospitali ile.

Wakala nilipomweleza akasema kwa roboti inatoka tezi peke yake, kule kwingine hakuguswi. Mzee aliposikia hivyo akakubali, kwa mara ya kwanza akala akamaliza. Nimeshatoa milioni 6 za kuanzia na kiwanja cha Kibaha kina mteja. Sijakurupuka, nimesoma sana.

Nesi Mstaafu
Basi swali lako siyo roboti. Ugonjwa ukishafika mifupani, hata mkono uende taratibu vipi, unatoa tezi na kuacha yaliyokwisha kutoka. Saratani hii inakula homoni ya kiume. Sindano inamnyima chakula, na kutoa korodani kunamnyima chakula. Njia mbili, kazi moja. Tofauti ni kwamba sindano inarudiwa, ile nyingine inafanywa mara moja na ni nafuu. Mifupa ikiuma sana kuna mionzi, hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, wanafanya. Na hili nisikilize vizuri kwa sababu ya hizo pingili: miguu ikianza kulegea au kufa ganzi, ni hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Jicho la Tatu
Samahanini, hii ni chai. ID imefunguliwa juzi. Mwanzo mzee "ana saratani" tu, kurasa mbili baadaye mifupa inaibuka, milioni 6 zinaibuka, kiwanja kinaibuka. Na kila posti lazima wakala atajwe. Kesho mtaona namba yake ya simu. Mods wapo?

Kokoto la Buza
Chai ya tangawizi kabisa.

Baba Wawili
Nilishahisi. Mtu gani asahau PSA ya baba yake akumbuke kofia?

Mwaka wa Tano MD
Kitabibu lakini inaenda sawa. Mtunzi wa chai angeiacha roboti iponye.

Jicho la Tatu
Aweke risiti basi.

Mtoto wa Korogwe
Risiti siweki na namba ya wakala siweki. ID ni mpya kwa sababu ya zamani kaka anaijua. PSA ni 212. Niliikumbuka tangu mwanzo, kuiandika ndiyo sikuweza. Mzee alikuwa fundi wa taa za reli. Mfuko wa mkojo anaufunga kiunoni kwa kipande cha khanga ya marehemu mama, wageni wakija anasema amejifunga kwa ajili ya mgongo. Kama ni chai, kunyweni.

Jicho la Tatu
...

Fundi Winchi
Dada, achana nao. Nijibu kitu kimoja. Hao wa India wameiona karatasi ya mifupa?

Mtoto wa Korogwe
Wakala alisema hiyo tusiitume kwanza, italeta mkanganyiko.

Fundi Winchi
Kontena likija karatasi yake ya uzito imefichwa, mimi silinyanyui. Itume mwenyewe kesho asubuhi, moja kwa moja hospitalini, bila kumpitia yeye. Na kiwanja usisaini.

Kokoto la Buza
Hapa sina utani. Milioni 6 zidai kwa maandishi, usimpigie simu.

Mtoto wa Korogwe
Mteja wa kiwanja anakuja Jumatatu. Sijui nimwambieje, tulishapeana mkono. Wakala mwenyewe ni mtu mzuri tu, anamjulia mzee hali kila siku.

Nesi, hizo sindano zinachomwa sehemu gani? Isije ikawa huko huko.

Nesi Mstaafu
Hapana mwanangu. Ipo inayochomwa tumboni, chini ya ngozi. Kuna ya kila wiki 4 na kuna ya kila wiki 12. Huko hakuguswi.

Mtoto wa Korogwe
Tumboni.

Kumwambia siwezi mimi. Ngoja nimpigie kaka, ingawa hatujasalimiana tangu Idi.