Nidhamu katika timu ya ridhaa ya kandanda ya Kigaeli: tuwaadhibu wachezaji au tuwafundishe upya?

Kocha msaidizi (Connacht, Ayalandi)

Ndugu zangu, salaam. Ninaishi magharibi mwa Ayalandi na huu ni mwaka wangu wa tatu nikiwa kocha msaidizi wa klabu ndogo ya kijijini inayocheza kandanda ya Kigaeli katika daraja la chini la kaunti. Kwa wale ambao hawajauzoea mchezo huu, ni watu 15 kwa 15, mpira hushikwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu, na goli lina nguzo mbili ndefu zenye mwamba katikati: ukiupitisha mpira chini ya mwamba umepata goli lenye thamani ya pointi 3, na ukiupitisha juu umepata pointi 1, au 2 ikiwa umepiga kutoka nje ya tao la mita 40, mstari wa mviringo mbele ya goli ulioanza kutumika mwaka 2025.

Tatizo letu ni makosa. Katika mechi yetu iliyopita tulifungwa 1-14 kwa 0-14 (yaani goli moja na pointi 14 kwa pointi 14 bila goli), na nilipokaa kuhesabu niligundua kwamba pointi 8 za wapinzani zilitokana na mipira ya adhabu tuliyowapa sisi wenyewe. Beki wetu wa kati alipewa kadi nyeusi dakika ya 41 kwa kumvuta mtu chini makusudi, na katika zile dakika 10 alizokaa nje tulifungwa goli moja na pointi mbili. Mara mbili mwamuzi aliusogeza mpira mita 50 mbele kwa sababu vijana wetu walimbishia.

Kamati ya klabu sasa inataka kanuni kali: atakayekosa mazoezi mara mbili hachezi, na atakayepewa kadi kwa sababu ya mdomo hachezi mechi inayofuata. Mimi nasita. Kiungo wetu ni muuguzi wa zamu za usiku, mabeki wawili ni wafugaji ambao katika msimu wa ng'ombe kuzaa hawawezi kutoka zizini, na mshambuliaji wetu anasoma Dublin na hurudi kwa basi Ijumaa usiku. Hakuna anayelipwa hata senti moja. Wakati huohuo kocha mkuu anataka tuwabane wapinzani juu kabisa kila golikipa wao anapoanzisha mpira, mbinu ambayo mimi naona inahitaji nidhamu tusiyokuwa nayo. Naomba mawazo yenu: tuanzie wapi?

Beki mstaafu

Mwalimu, nimecheza ulinzi kwa miaka mingi na nimepewa kadi nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, kwa hiyo naandika kwa uzoefu. Naona kamati yenu inaichukulia nidhamu kama suala la tabia peke yake, ilhali makosa mengi uliyoyahesabu yanatokana na ufundi. Kanuni ya kukaba katika mchezo huu inampa beki nafasi finyu mno. Anaruhusiwa kuupiga mpira kwa kiganja kilicho wazi, na anaruhusiwa kumgonga mwenzake bega kwa bega akiwa na angalau mguu mmoja ardhini, lakini haruhusiwi kumshika, kumvuta, kumsukuma wala kumkumbatia. Mpira wenyewe mshambuliaji ameubana kifuani. Beki ambaye hajafundishwa afanyeje, hasa akiwa amechoka? Mikono yake itamtangulia na miguu itabaki nyuma, na hapo mwamuzi hana budi kupuliza filimbi.

Kwa hiyo fundisheni miguu kwanza. Wekeni njia yenye upana wa mita tano hivi, mshambuliaji aje na mpira, na beki awe ameshika mpira mdogo wa tenisi katika kila mkono, ili asiweze kumshika mtu hata akitaka. Kazi yake ni moja tu, kubaki mbele ya mshambuliaji kwa hatua fupifupi, magoti yakiwa yamekunjwa, akimzibia njia kwa mwili wake ili aende pembeni, bila kumgusa kwa mikono. Atachukia zoezi hili siku ya kwanza, kwa sababu litamwonyesha ni mara ngapi huwa anaitegemea mikono. Akishazoea, mwondoleeni mpira wa mkono mmoja, na mkono huo ulio huru uruhusiwe kuupiga mpira, si mwili.

Jambo la pili ni wakati wa kupiga, na hapa ndipo naona makocha wengi wanapitia juujuu. Mwenye mpira hawezi kukimbia nao zaidi ya hatua nne bila ama kuudundisha chini ama kuupiga kwa ncha ya kiatu ili umrudie mikononi, na haruhusiwi kuudundisha mara mbili mfululizo. Maana yake ni kwamba kila baada ya sekunde chache mpira lazima uondoke mikononi mwake, na hiyo ndiyo nafasi halali ya beki. Mfundisheni ahesabu hatua: moja, mbili, tatu, na mkono uwe tayari wakati mpira unaondoka kifuani, kisha mkono urudi. Beki anayejua kusubiri hatua hizo hana sababu ya kumvuta mtu jezi.

Na zoezi hili lisifanywe mwanzoni mwa mazoezi, wakati kila mtu ana pumzi. Lifanyeni mwishoni, miguu ikiwa mizito, kwa sababu dakika ya 41 haiji wakati miguu ni mepesi.

Aliyewahi kuchezesha

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu ukabaji, lakini zile mita 50 hazitibiwi kwa mipira ya tenisi. Nimechezesha mechi za klabu kwa miaka kadhaa, na nataka wachezaji wenu waelewe hesabu ilivyobadilika. Zamani kumbishia mwamuzi kuligharimu mita 13, na wachezaji wengi waliona ni bei nafuu. Tangu mwaka 2025, baada ya kamati iliyoongozwa na Jim Gavin, kocha wa zamani wa Dublin, kuupitia upya mchezo huu, mita hizo zimekuwa 50. Adhabu hiyohiyo inamwangukia mchezaji anayeukalia mpira au kuutupa mbali badala ya kumkabidhi mpinzani aliyetendewa kosa. Kosa lililotokea katikati ya uwanja linageuka kuwa mpira ulio mbele ya goli lenu, na mpigaji ana hiari ya kuurudisha nje ya tao akipenda kutafuta pointi 2. Sentensi moja ya hasira inaweza kuwagharimu pointi mbili, nanyi mlifungwa kwa tatu.

Kinachowaponza wachezaji, kwa jinsi nilivyoona, ni benchi. Kocha akisimama pembeni akilalamikia kila uamuzi, baada ya robo saa wachezaji wake wanazungumza maneno yaleyale aliyoyatumia yeye. Anzeni na nyinyi watu wa benchi. Nahodha peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuzungumza na mwamuzi, kwa hiyo chagueni nahodha kwa utulivu wake na si kwa wingi wa pointi anazofunga, halafu mzoesheni kila mchezaji kufanya tendo moja dogo filimbi inapolia, yaani kumpa mpinzani mpira mkononi na kurudi nyuma akikimbia. Fanyeni hivyo hata katika mechi za mazoezini, na anayesahau atoke nje dakika mbili papo hapo.

Mchambuzi wa mbinu

Mimi nitajibu kuhusu kuwabana wapinzani juu, kwa sababu naona ndiko makosa yenu yanakozaliwa. Kwa miaka mingi klabu ndogo ziliiga kile zilichokiona kwa timu za kaunti. Tyrone walichukua ubingwa wa Ayalandi mwaka 2003 kwa kuwabana wapinzani wakiwa kundi, na Donegal ya kocha Jim McGuinness ikarudisha karibu timu nzima nyuma, hadi nusu fainali ya 2011 ikafungwa na Dublin kwa 0-8 kwa 0-6 tu. Wengi waliuchukia mchezo ule, lakini Donegal hao wakawa mabingwa mwaka uliofuata, na mfumo wao ulimlinda beki dhaifu, kwa sababu akipitwa mwenzake alikuwa hatua tatu nyuma yake na hakuwa na haja ya kumvuta mtu.

Sasa hali ni tofauti. Kila timu lazima iache wachezaji watatu katika nusu ya wapinzani, kwa hiyo mkiwa mnalinda mna watu 11 wa ndani na golikipa. Mpira wa golikipa nao lazima uvuke tao la mita 40, hivyo unagombewa katikati ya uwanja mara nyingi zaidi kuliko zamani. Mkituma watu wengi kuubana mpira huo na mkaukosa, mabeki wenu wanajikuta wakikimbilia goli lao wenyewe wakiwa nyuma ya mshambuliaji, na beki aliye nyuma ya mtu hana njia halali ya kuufikia mpira. Hapo hata mchezaji mpole kuliko wote atamvuta mtu. Je, beki wenu alipewa kadi nyeusi akiwa ameangalia upande gani? Ningeshangaa kama hakuwa anakimbia kuelekea golini kwake.

Liko jambo jingine ambalo makocha wa zamani hawajalizoea. Tulifundishwa kwamba kosa la mbali halina gharama kubwa. Leo mpira wa adhabu uliopigwa kutoka nje ya tao ukipita juu ya mwamba ni pointi 2, kwa hiyo kosa la mita 42 linaweza kuwa ghali kuliko la mita 30. Katika fainali ya 2025 Kerry waliifunga Donegal 1-26 kwa 0-19, na mashuti ya kutoka nje ya tao yalikuwa sehemu kubwa ya hesabu yao tangu kipindi cha kwanza.

Timu inayofanya mazoezi mara mbili kwa wiki, tena nusu ya wachezaji wakiwa wamekosekana, haiwezi kubana juu mechi nzima. Baneni pale tu mpira umesimama na kila mtu ameshafika mahali pake, kwa mfano baada ya mpira wenu wa adhabu. Nyakati nyingine rudini mjipange.

Mweka hazina wa klabu

Nawaheshimu waliotangulia, lakini naitetea kamati kidogo. Kijana anayekuja kila Jumanne na Alhamisi kwenye mvua halafu siku ya mechi akakalishwa benchi kwa ajili ya mtu ambaye hajaonekana wiki tatu, naye pia ana moyo, na akiondoka hatarudi. Chama cha GAA kinachosimamia mchezo huu kimekuwa cha ridhaa tangu kilipoanzishwa Thurles mwaka 1884, na hata wale wanaocheza katika uwanja mkuu wa Croke Park, Dublin, mbele ya watu 82,000 hawalipwi mshahara. Muda wa kucheza ndiyo malipo pekee tuliyonayo. Mkiugawa ovyo mmeharibu kila kitu.

Kocha msaidizi (Connacht, Ayalandi)

Nawashukuru kwa moyo wote. Ndugu mchambuzi, umelenga: nimeitazama tena video aliyopiga mzazi mmoja, na beki wetu alikuwa amegeukia golini kwetu, hatua mbili nyuma ya mtu wake, baada ya watu wetu watano kwenda kuugombea mpira wa golikipa na kuukosa. Sisi benchi tulimgombeza yeye. Nimeshamwomba radhi.

Kuhusu hoja ya mweka hazina, imenigusa, nami sina jibu linaloweza kumridhisha kila mtu. Tumewaachia wachezaji wenyewe waandike makubaliano, nao wamepitisha kwamba anayekosa mazoezi bila kutoa taarifa hadi usiku wa kuamkia siku hiyo ataanzia benchi, awe nani, na anayetoa taarifa kwa sababu ya kazi, masomo au mifugo hatahesabiwa kosa, ila akikosa mazoezi yote mawili ya wiki hataanza. Muuguzi wetu ndiye aliyependekeza kipengele hicho cha mwisho, akijua kitamgusa yeye mwenyewe kabla ya wengine.

Kocha mkuu amekubali kupunguza kubana juu kama mlivyoshauri. Zoezi la mipira ya tenisi tulilifanya Jumanne na lilikuwa gumu kwelikweli. Bado nina swali moja: nitajuaje kwamba makosa yanapungua kwa sababu ya mazoezi, na si kwa sababu tumekutana na mwamuzi mpole?

Beki mstaafu

Usihesabu filimbi peke yake, mwalimu. Mpe mtu mmoja wa benchi daftari, na kila kosa la kukaba linapotokea aandike dakika, umbali kutoka golini, na kama beki alikuwa ameangalia mpira au ameangalia goli lake. Aandike pia yale ambayo mwamuzi hakuyaona, kwa sababu mkono uliokosea ni uleule hata filimbi ikinyamaza. Baada ya mechi nne au tano tazama safu hiyo ya mwisho. Ikiwa wengi walikuwa wameangalia goli lao, rudini kwenye mpangilio wa timu. Ikiwa walikuwa wameangalia mpira, rudini kwenye ile njia ya mita tano, na beki wenu wa kati awe wa kwanza kushika mipira ya tenisi.