Mama anataka kuona tulipu Keukenhof: mwisho wa Machi au katikati ya Aprili?

Kitindamimba: Habarini wadau. Mama anakuja kunisalimia huku Uholanzi, na tangu aone picha za tulipu kwenye simu sina amani, kila nikimpigia ananiuliza maua yangu vipi. Tiketi ya ndege sijakata, Machi nauli ni nafuu kidogo kuliko Aprili. Shida yake magoti, na ile bustani ya maua ya Keukenhof nasikia ni hekta 32. Siku tunayo moja tu, naombeni ushauri.

Mzee wa Baiskeli: Aprili dada, achana na nauli. Pale wanafungua kama wiki 8 tu kwa mwaka, mimi nilijifanya mjanja nikaenda wiki ya kwanza nikakuta tulipu za nje ni majani matupu, za kupiga nazo picha zilikuwa kwenye mabanda ya ndani.

Shangazi Rozi: Mmh, sio matupu kihivyo. Vile vitunguu vya maua wanavipanda ardhini kwa matabaka, ya kuwahi juu, ya kuchelewa chini, haya yakinyauka mengine yanachomoza, kwa hiyo Machi kuna maua mengine kama krokasi na nasisi ya kutosha. Lakini mama kasema tulipu, basi katikati ya Aprili, ila baridi ikikaza zinachelewa, usije kunilaumu. Wikendi na Pasaka kimbia kabisa, utaona migongo ya watu.

Nusu Mkate: Mimi nilimpeleka mama mkwe. Kiti cha magurudumu wanacho, ulizia mapema, na tiketi kata mtandaoni maana unachagua na saa ya kuingia. Usikimbilie asubuhi sana, kukiwa na baridi tulipu zinajifunga kama ngumi, sisi tulifika zimefumba mama akanuna, jua lilipotoka mchana zikafunguka akainama kuchungulia moja nyekundu, ndani chini kabisa ina nyota nyeusi kama imepakwa masizi. Pale tulikaa nusu saa, ua moja hilo hilo.

Mzee wa Baiskeli: Na mwambie mapema, yale mashamba ya mistari ya rangi kwenye picha hayako ndani ya bustani, ni ya wakulima huko nje, hairuhusiwi kukanyaga. Mkulima anatafuta kile kitunguu cha tulipu kilicho chini ardhini, ua likishachanua analikata kichwa nguvu irudi kwenye kitunguu, ukichelewa unakuta shamba kijani tupu.

Kitindamimba: Asanteni sana, nimekata ya Aprili, bustani tunaenda Jumanne, kuingia saa 5 asubuhi. Hiyo habari ya kukata vichwa nimemsimulia mama, kanyamaza weee, halafu kaniambia nimuulize huyo mkulima anavitupa wapi.