Tupeane uzoefu: minyoo kwenye tangi la samaki wa maji chumvi (Mtwara na Lindi)

Bamvua
Wakuu, uzi huu ni wa wenye matangi ya maji ya bahari huku kusini. Taja mnyoo gani, njia gani, kipimo gani, na wapi panaharibika. "Weka dawa tu" bila kipimo haimsaidii mtu.

Naanza na utambuzi, maana wengi wanaua wasio na kosa. Viduara vyeupe vilivyoganda kwenye kioo, ukubwa wa punje ya mtama, ni minyoo wanaochuja maji. Waache. Mnyoo wa waridi au kahawia mwenye singa nyeupe (vinyweleo vinavyochoma) ubavuni, anayetoka usiku, ni mla mabaki. Wakijaa ghafla, punguza chakula kwanza. Wao wamefuata shibe tu. Wa kumtoa bila mjadala ni yule mwenye mwili unaometameta, vipapasio vitano kichwani na taya zinazoonekana: jamii ya Eunice. Anakamata samaki aliyelala, na Eunice aphroditois hupita mita moja.

Pweza wa Mikindani
Kwa wenye singa, mtego. Chukua bomba la plastiki la kupitishia nyaya, nusu inchi, kipande cha sentimita 12. Ziba ncha zote mbili, toboa matundu manne ya milimita 4. Ndani tia kamba mbichi aliyefungwa kwenye kipande cha soksi ya nailoni. Singa zinanasa kwenye nyuzi, mnyoo hatoki kirahisi. Laza bomba mchangani karibu na jiwe taa zikizimwa, litoe kabla hapajakucha. Likibaki hadi mchana, aliyeshiba anarudi mwambani na kamba anakuozea majini.

Tumia koleo ndefu na glavu. Usimkate wala usimvute kwa nguvu: hawa wenye singa wa jamii ya Eurythoe wakikatika, vipande vinaweza kuota kuwa minyoo kamili. Singa zikikuingia mkononi usisugue, zitavunjikia ndani. Bandika selotepu, ng'oa, rudia, kisha osha. Ukivimba sana au pumzi ikibana, hospitali.

KusiLindi
Eunice haingii mtegoni kirahisi. Ukishajua jiwe lake, litoe lote. Maji ya bahari lita 10, chumvi gramu 180, koroga mpaka punje zote ziyeyuke. Haidromita (kipimo cha ukali wa chumvi majini) isome karibu 1.040. Tumbukiza jiwe dakika 3 hadi 5 huku ukilitikisa, mashimo yakiangalia chini. Minyoo wengi wanatoka wenyewe. Suuza kwa maji ya bahari ya kawaida, liweke kwenye ndoo ya pembeni yenye pampu ya hewa siku mbili, pima amonia ndipo ulirudishe. Waliofia ndani wanaoza. Jiwe lenye matumbawe hai usilifanyie hivi.

Mchele Mchele
Mkuu, chumvi ya mashambani inafaa? Na je, naweza kutengenezea maji ya tangi kabisa?

KusiLindi
Ya kuogeshea jiwe inafaa, ile ya mawe isiyotiwa madini joto. Ya tangi, hapana. Maji yakikauka shambani, kalsiamu hutangulia kujitenga na magnesiamu hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Unachovuna ni chumvi tupu.

Chokaa
Mmewasahau minyoo bapa, na hao ndio wanaomaliza tangi. Rangi ya kutu, milimita chache, nyuma wana ncha tatu. Wanabeba mwani mwilini, kwa hiyo hujazana penye mwanga na maji yaliyotulia. Wafuate mchana taa zikiwaka: mpira mwembamba wa milimita 5, nyonya kuelekea ndooni kupitia soksi, rudisha maji. Rudia kila siku mbili. Ongeza mkondo wa maji pale wanapokusanyika.

Levamisoli, dawa ya minyoo, inawaua, lakini wakifa maelfu kwa pamoja miili yao huachia sumu, na samaki huanza kuhema juu juu. Kwa hiyo nyonya kwanza wabaki wachache. Kabla ya dawa, tangi la lita 100 liwe na lita 30 za maji safi ya bahari pembeni, gramu 100 za mkaa maalumu wa kuchujia (si wa jikoni), na pampu ya betri, maana umeme ukikatika saa hiyo umekwisha. Chupa za duka la mifugo ziacheni. Nyingi zimechanganywa na dawa nyingine, na kipimo cha mbuzi si cha tangi.

Bamvua
Niongezee kinga. Msing'oe mawe baharini, na ndani ya Hifadhi ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ndiyo kabisa. Jiwe la matumbawe la nchi kavu, lile la kujengea nyumba za zamani Mikindani, linatosha: piga brashi, loweka maji yasiyo na chumvi wiki moja ukibadilisha kila siku, anika juani mpaka likauke kabisa. Bakteria watahamia wenyewe kwa wiki kadhaa, minyoo hawatakuwemo.

Maji chota yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto. Kwa Lindi wakati wa masika, ukichota karibu na Lukuledi unapata tope na chumvi pungufu. Yachuje kwa kitambaa kizito, yafunike gizani wiki mbili yakipigwa hewa, yasome 1.025 ndipo yaingie.