Rangi za maji: anga linaingia kwenye theluji ya Kibo, nifanyeje?

MuuguziMoshi:
Wakuu, habari za asubuhi. Naomba msaada kwa wanaozijua rangi za maji.

Nikitoka zamu ya usiku nafika nyumbani saa mbili kasoro, na ua wetu wa nyuma unatazama Mlima Kilimanjaro moja kwa moja. Ninapata kama saa moja kabla mawingu hayajaufunga. Tangu Juni nachora Kibo tu. Picha kumi na tisa, zote zimeharibika mahali pale pale: napaka anga, buluu inateremka hadi kwenye theluji na kuacha madoa yenye kingo zilizochanika kama koliflawa. Nikifunika kwa rangi nyeupe, inatoka kama chokaa ya ukutani. Karatasi ni manila, inajikunja na maji yanatuama. Migomba ya jirani nayo inatoka kijani cha tope.

Baba yangu alizaliwa Kibosho, na huwa ananionyesha kwa kidole barafu ilikuwa inafika wapi enzi za ujana wake. Ile iliyokuwepo 1912, zaidi ya asilimia 80 imeshakwisha. Nataka niichore ingali ipo, na baba angali anaiona.

Mwalimu_Tanga:
Pole na zamu, dada. Manila haistahimili maji mengi. Tafuta karatasi ya rangi za maji ya gramu 300, ya pamba ukimudu. Ni ghali, kwa hiyo ikate vipande vinne na uchore pande zote mbili. Ibandike kwenye ubao kingo zote nne kwa selotepu ya karatasi, usiibandue mpaka ikauke kabisa.

Theluji haipakwi, inaachwa. Nyeupe yako ni karatasi yenyewe. Chora ukingo wa mlima kwa penseli hafifu, kisha lowesha anga peke yake kwa maji safi, ukomee kwenye mstari. Rangi hufuata maji, penye ukavu haivuki. Halafu geuza ubao juu chini na uuinamishe kidogo, ili buluu iteremke kuikimbia barafu.

Koliflawa hutokea unaporudi na brashi iliyojaa maji wakati rangi imeshaanza kukauka. Mng'ao ukipotea, weka brashi chini. Gusa kwa mgongo wa kidole: ukisikia ubaridi, bado mbichi.

Rangi_Arusha:
Naongezea kuhusu kijani. Kile cha kwenye boksi kiache. Changanya njano na buluu, kisha tone la kahawia ya kutu, basi. Ukizidisha rangi ya nne ndiyo tope. Weka makopo mawili, la kuoshea brashi na la maji safi. Njano iwe ya migomba tu iliyo karibu. Msitu wa mlimani uwe wa buluu-kijivu, mwepesi, ndipo utaonekana uko mbali. Na ukitazama mlima kutoka Moshi, jua linatokea kulia, upande wa Mawenzi, kwa hiyo kivuli cha theluji kiweke kushoto, kwa buluu iliyojaa maji.

MuuguziMoshi:
Narudi baada ya wiki mbili. Nilipata karatasi tatu tu. Ya kwanza sikusubiri, ikaharibika. Ya pili niligeuza ubao, nikakaa na kikombe cha chai mpaka kidole kikasikia joto. Theluji imebaki safi! Nilipobandua selotepu nilishindwa kwenda kulala.

Nikampelekea baba. Akaitazama muda mrefu, akaomba penseli, akachora mstari chini kabisa ya barafu yangu: "Ilikuwa inafika hapa." Mkono ulimtetemeka, mstari haukunyooka. Sasa hapo katikati, kati ya mstari wake na barafu ya leo, nipake mawe au niache?

Mwalimu_Tanga:
Paka mawe, dada, ila yawe mepesi sana, maji mengi rangi kidogo. Penseli ikishapakwa rangi juu haifutiki tena. Mstari wa mzee utabaki unaonekana chini yake.