Kampuni isiyo na ngazi, serikalini, saiti au ushirika: wapi watu wanafanya kazi kama timu kweli?

Mtoa mada: Wakuu habari za jioni. Nimetoka kiwanda cha kukamua alizeti Singida nimekuja Dodoma kwenye kampuni ya mifumo ya kompyuta, vijana watupu. Kule opareta anamwambia supavaiza wa zamu, supavaiza anamwambia meneja uzalishaji, imeisha hiyo. Huku mkurugenzi tunamwita jina lake tu, wote tuko grupu moja la Wasap, kila mtu anachangia, ila mteja akipiga simu anataka bei hakuna anayethubutu kumjibu mpaka "tukubaliane". Watu wanasifia hizi kampuni zisizo na ngazi mi utamu wake bado sijauona. Mliopitia sehemu nyingine mnasemaje?

Wa Mtumba: Njoo huku wizarani, Mji wa Serikali Mtumba, uone ngazi 😂 dokezo linaanza kwa afisa, mkurugenzi msaidizi, mkurugenzi, hadi kwa katibu mkuu, na kurudi linarudi hivyohivyo. Ila faili lina saini. Mwakani ukiulizwa nani aliruhusu unafungua unaona. Huko kwenu mtascroll Wasap mpaka lini?

Fundi umeme: Saiti mabosi wawili. Injinia wa umeme yuko ofisini anasema subiri mchoro mpya, meneja wa mradi anasema zege linamwagwa kesho asubuhi laza paipu. Wasomi wanaita matriksi, sisi tunaita kesi.

Mkulima wa zabibu: Mmesahau ushirika. Kwenye kampuni mwenye hisa nyingi ndo mwenye sauti, ila kwenye AMCOS yetu (chama cha ushirika cha wakulima cha kuuza mazao) huku Chamwino mwenye eka kumi na mwenye robo eka wote kura moja moja, mkutano mkuu ndo bosi wa bodi, bodi ndo bosi wa meneja. Ukiangalia hivyo tu utasema tunachelewa kuliko hata Mtumba. Lakini zabibu ikishakatwa haisubiri kikao, na jua la huku mnalijua, kwa hiyo kabla ya msimu bodi inakaa na meneja inamwambia chini ya bei hii usiuze, kuanzia hapo kwenda juu malizana na mnunuzi mwenyewe. Msimu ukianza hakuna wa kumpigia mwenyekiti simu. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, na hicho kikao kinakaa mara mbili. Mtoa mada, kwenu mabosi sio shida, shida hamjapangiana nani anaishia wapi.

Mpita njia: Naunga mkono. Toyota ngazi wanazo za kutosha, ila mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro anavuta kamba au anabonyeza kitufe cha kuita msaada, kiongozi wa timu anakuja fasta, wakishindwa kurekebisha kabla gari halijamaliza kituo kile basi mstari wote unasimama. Haombi ruhusa kwa mtu.

Mtoa mada: Asanteni. Sasa tukimpa mmoja kiwango cha bei si ndo meneja huyo? Mkurugenzi hilo neno hataki hata kulisikia.

Mkulima wa zabibu: Mwiteni mnavyotaka ila mshahara muongezeeni, sisi wa kwetu tulimpa mamlaka matupu, mnunuzi akamchukua 😅