Usharika wetu wa Kilimanjaro ufanye nini kwa mazingira zaidi ya kupanda miti siku moja?

Mzee wa Usharika ameuliza:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ulioko mteremkoni mwa Kilimanjaro. Kila masika tunapanda miche baada ya ibada, mchungaji anaiombea na kwaya inaimba, lakini kiangazi kikifika miche mingi inakauka kwa sababu hakuna aliyekabidhiwa kuitunza. Kiwanja chetu pia kinapakana na kijito, na ukingoni kuna mikaratusi mikubwa iliyopandwa na waliotutangulia. Mwanzo 2:15 inasema mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, nasi naona tumeridhika na nusu ya kwanza ya agizo hilo. Baraza la wazee litapanga bajeti hivi karibuni. Naomba ushauri wa mambo ambayo usharika wa kawaida, usio na mfadhili, unaweza kuyaanza na kuyaendeleza.

Mwalimu wa Kipaimara amejibu:

Shikamoo Mzee. Ushauri wangu ni kwamba msiunde kamati mpya, bali muutie utunzaji huu ndani ya mambo ambayo usharika tayari unayafanya kila mwaka. Katika Dayosisi ya Kaskazini, Askofu Fredrick Shoo alifahamika sana kwa kuhimiza upandaji wa miti, na watoto wa kipaimara wamekuwa wakipanda miti kama sehemu ya mafundisho yao. Naona hekima kubwa katika utaratibu huo, kwa sababu mafundisho ya kipaimara huchukua muda mrefu, na mti uliovuka kiangazi cha kwanza na cha pili ukiwa mikononi mwa mtoto mmoja anayejulikana kwa jina huwa na nafasi nzuri ya kuishi. Mwalimu atembelee miti hiyo nyumbani kama anavyosikiliza Amri Kumi zikisomwa kwa moyo, na mti uliokufa upandwe tena pasipo kumwaibisha mtoto.

Jambo moja ningeomba mlitafakari kwa makini: mti usifanywe sharti la mtoto kuwekewa mikono ya kipaimara. Wapo watoto ambao wazazi wao hawana kihamba, yaani shamba la nyumbani la Kichaga, au kihamba kimegawanywa hadi kimebaki nyumba na migomba michache, na hao wapewe mti wa kutunza kwenye kiwanja cha kanisa.

Bwana Shamba Mstaafu amejibu:

Naomba niongeze kuhusu kijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka kingo za mito dhidi ya shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira, kwa hiyo msijenge ukumbi wala vyoo upande huo hata kama kiwanja ni chenu. Mikaratusi hunywa maji mengi na haifai ukingoni, ila kuing'oa yote kwa mkupuo kutaacha udongo wazi na masika itaubeba. Mwoneni kwanza afisa misitu wa wilaya kwa ajili ya kibali, kisha mvune kwa awamu, huku kila sehemu iliyovunwa ikipandwa miti ya asili kama mringaringa, mruka na msesewe. Mbao zitakazopatikana zinaweza kuchangia gharama za kazi yenyewe. Mbegu za miti hiyo ziko vihambani kwenu; vijana wakianzisha kitalu miezi kadhaa kabla ya masika, hamtahitaji kununua miche.

Mama wa Umoja wa Wanawake amejibu:

Nashukuru kwa hayo yote, lakini hiyo miche itamwagiliwa kwa maji gani? Tazameni paa la kanisa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita za mraba 300 hupokea lita 6,000 mvua ikinyesha milimita 20. Hata baadhi yakipotea, tangi la lita 5,000 hukaribia kujaa kwa mvua moja nzuri. Kama bajeti inatosha jambo moja tu, mimi ningechagua mifereji ya paa na tangi.

Mengine hayahitaji fedha. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, ila kwenye harusi na misiba yetu bado tunaacha chupa za maji uwanjani, na makaburini tunaacha mashada ya plastiki ambayo hayaozi. Mchungaji akiwaambia wafiwa mapema kwamba maua ya bustanini yanatosha kumheshimu marehemu, watu watamsikiliza kuliko wangemsikiliza afisa yeyote. Jikoni nako, tunapopikia mikutano, mafiga matatu yanakula kuni nyingi kuliko jiko banifu.

Mzee wa Usharika amejibu:

Asanteni sana. Nitapeleka barazani mifereji na tangi kwanza, kisha kitalu, na suala la mikaratusi baada ya kuonana na afisa misitu. Mwalimu, naomba unieleze mnavyoandika kumbukumbu za miti ya watoto: je, ni katika daftari la mahudhurio ya kipaimara au mna daftari lake?

Mwalimu wa Kipaimara amejibu:

Ni lile lile la mahudhurio, Mzee. Tumeongeza safu moja tu mbele ya jina la kila mtoto: aina ya mti, mahali ulipo na tarehe tuliyoukagua mara ya mwisho.